Skatingi za mbao Nyanda za Juu: Hasara huanzia kwenye ubao mbichi

UKIPITA Mafinga kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, huna haja ya kuuliza mbao zinauzwa wapi. Zimepangwa kando ya barabara, moja kwa nane, mbili kwa nne, mbili kwa sita, nyingi zikiwa za futi 12, bado zina harufu ya utomvu. Malori hupakia kuelekea Dar es Salaam na Dodoma. Sehemu nyingine haifiki mbali. Inaishia Iringa mjini au Mbeya, ambako mwenye nyumba anayekarabati sebule yake hununua chache, akampa fundi seremala azipige randa, kisha zikageuka kuwa skatingi.

Skatingi ni ule ubao mwembamba unaopigwa chini ya ukuta, pale ukuta unapokutana na sakafu. Kazi yake si urembo peke yake. Huziba ufa kati ya lipu na sakafu, huzuia miguu ya viti na fagio kuchubua ukuta, na huficha makosa ya fundi wa lipu, ambaye mara nyingi hafiki chini kabisa kwa unyoofu. Katika nyumba nyingi za zamani za mikoa hii kazi hiyo ilifanywa na mkanda wa saruji uliopakwa rangi nyeusi au nyekundu. Siku hizi anayekarabati huchagua kati ya mbao na vipande vya marumaru.

Anayechagua mbao hufurahi kwa miezi miwili au mitatu. Kisha kiangazi kinaingia, na ubao uliokuwa umebana ukuta unaanza kuachia. Kwenye kona, viungo vilivyokatwa kwa ustadi vinafunguka hadi kucha inapita. Katikati ya chumba ubao unatoa tumbo. Rangi inapasuka kwenye mafundo na utomvu wa njano unachungulia. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza mbao, na muuza mbao husema hivyo ndivyo mbao za paina zilivyo. Mwaka unaofuata jirani anayekarabati nyumba yake anaamua kuweka marumaru, na soko la mbao limepoteza mteja ambaye huenda asirudi.

Kosa kubwa katika mlolongo huo si la paina. Ni kwamba ubao ulipigwa ukutani ukiwa mbichi.

Mti wa msindano, au paina kama wengi wanavyouita, unapokatwa huwa umebeba maji mengi. Si ajabu maji hayo kulingana na uzito wa mbao kavu yenyewe au kuuzidi. Maji ya kwanza kutoka hayabadilishi ukubwa wa ubao. Unakuwa mwepesi tu. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ndipo ubao unaanza kusinyaa, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Ubao wa skatingi wenye upana wa inchi nne unaweza kupoteza milimita mbili hadi nne kabla haujatulia na hewa ya ndani ya nyumba. Milimita nne ni nafasi ya kutosha kwa mende na vumbi la mwaka mzima.

Tofauti ya hali ya hewa kati ya maeneo haya inaongeza tatizo. Tukuyu, wilayani Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Iringa mjini haifiki hata nusu ya hizo. Ubao ulioonekana mkavu ukiwa Tukuyu utaendelea kusinyaa ukifika Iringa, na ukipelekwa Dodoma utasinyaa zaidi. Mfanyabiashara anayesafirisha mbao kutoka upande wa mvua kwenda upande mkavu anapaswa kulijua hilo kabla mteja hajamrudishia mzigo.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukipime kwenye mzani wa gramu. Kikaushe taratibu kwenye oveni au juu ya jiko lenye moto mdogo bila kukiunguza, ukipima tena na tena mpaka uzito ukatae kushuka. Chukua uzito wa kwanza, toa wa mwisho, kisha gawanya kwa huo wa mwisho. Kipande kilichoanza na gramu 112 na kuishia na gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12, na hicho kinafaa kwa kazi ya ndani. Kilichoanza na gramu 140 kilikuwa na asilimia 40; hicho hata kusinyaa bado hakijaanza. Vipo pia vifaa vidogo vya umeme vinavyochomekwa kwenye ubao na kuonyesha unyevu papo hapo, na kwa mwenye ghala la mbao kifaa cha namna hiyo ni mtaji kama ulivyo mzani kwa muuza mahindi.

Mti uliokatwa kabla ya wakati

Hata hivyo, ukaushaji hauwezi kutibu kila kitu. Mbao inayotoka kwenye miaka ya mwanzo ya mti, karibu na moyo, ni dhaifu na ina tabia mbaya: husinyaa kwa urefu kuliko mbao iliyokomaa, na hupinda huku ikijizungusha. Mti wa miaka minane ni mbao changa kutoka moyoni hadi ganda. Ukausheni vizuri kadiri mnavyoweza, bado sehemu ya mzigo itatoka imepinda kama upinde.

Shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, ambalo ndilo kubwa kuliko yote ya serikali nchini na ambalo majaribio yake yalianza mwaka 1939, lilijengewa desturi ya kuacha mti ukomae. Wakulima binafsi wa Mufindi, Kilolo, Njombe na Rungwe wamejitokeza kwa wingi kupanda miti, lakini wengi huuza ikiwa haijafika hata miaka kumi. Kuwalaumu ni rahisi, ila hesabu yao ina mantiki. Ada ya shule haisubiri mti ukomae. Moto wa kiangazi unaweza kumaliza shamba kwa mchana mmoja. Zaidi ya hapo, mnunuzi huja akaangalia shamba kwa macho na kutaja bei ya jumla, kwa hiyo mkulima aliyetunza miti yake hapati hata shilingi moja zaidi ya yule aliyeiacha ijiotee.

Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoanza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, ilihimiza wakulima kujiunga katika vikundi kwa sababu kama hizo: mkulima mmoja mwenye ekari mbili hana sauti mbele ya mwenye mashine. Kikundi kinaweza kuuza kwa kupima magogo, na kinaweza kuuza kwa awamu. Miti dhaifu huondolewa mapema na kuuzwa kama nguzo ndogo au kuni, fedha ya ada ikapatikana, na iliyonyooka ikabaki inanenepa.

Kwa soko la skatingi kuna jambo moja zaidi ambalo mkulima ndiye mwenye ufunguo wake, nalo ni kupogolea. Fundo kwenye ubao ni tawi lililoachwa likamezwa na mti. Kwenye kenchi ya paa fundo dogo halimsumbui mtu. Kwenye skatingi linaonekana kila siku, linatoa utomvu chini ya rangi, na pengine linadondoka likaacha tundu. Matawi ya chini yakikatwa mapema, karibu na shina na kwa msumeno badala ya panga, mbao itakayoota nje ya hapo itakuwa safi.

Nao wapasuaji wana sehemu yao. Mashine ndogo zinazojulikana kama dingdong zimeenea kwa sababu ni nafuu na zinafika shambani, lakini nyingi hutoa ubao wenye unene wa inchi moja upande huu na robo tatu upande ule. Fundi akishausawazisha kwa randa, skatingi inabaki nyembamba kama rula. Ni busara kubeba futi kamba sokoni na kupima ncha zote mbili pamoja na katikati. Aidha, mwenye mzigo mkubwa ahakikishe una hati ya kusafirishia mazao ya misitu, maana faida yote inaweza kubaki kwenye kizuizi.

Nani alipe ukaushaji?

Kukausha mbao za inchi moja hakuhitaji tanuri. Kunahitaji kivuli, hewa na uvumilivu. Rundo huinuliwa futi moja na nusu kutoka ardhini juu ya matofali au magogo. Kati ya safu na safu huwekwa vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila baada ya futi mbili, na vijiti vya juu vikae sawasawa juu ya vya chini. Vikipishana, ubao utakauka ukiwa na mawimbi. Ncha za mbao hupakwa rangi yoyote iliyobaki ili zisikauke haraka na kupasuka. Juu huwekwa bati pamoja na mawe mazito. Katika miezi ya Juni hadi Oktoba, wiki sita hadi nane zinatosha kwa sehemu nyingi. Wakati wa masika muda huo unaweza kuongezeka mara mbili, na mbao zilizobanana hushikwa na ukungu wa bluu.

Wenye maghala wengi wanaielewa kazi hii. Wanachokataa ni kuifanya bure, na hapo wana haki. Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua mbao 100 za moja kwa nane kwa shilingi 8,000 kila moja. Ametoa 800,000. Baada ya miezi miwili, tuseme mbao 15 zimepinda au kupasuka, akaziuza kama vipande kwa nusu bei na kupata 60,000. Ikiwa vibarua, vijiti na kifuniko vimemgharimu 60,000, fedha hiyo imejifuta. Mbao 85 zilizobaki lazima zirudishe 800,000 yote, yaani karibu 9,412 kila moja, kabla hajafikiria faida wala mtaji uliolala miezi miwili. Asiyeweza kuuza angalau asilimia 18 juu ya bei ya mbichi hana sababu ya kukausha.

Je, mnunuzi anaweza kulipa? Chumba cha mita nne kwa tano kina mzunguko wa mita 18. Ukitoa mlango, zinabaki mita 17 na kidogo. Ubao wa moja kwa nane ukipasuliwa katikati hutoa skatingi mbili za futi 12, ambazo ni mita 3.66. Skatingi tano zinatosha chumba hicho zikipangwa kwa akili, kwa hiyo hununuliwa mbao tatu na skatingi ya sita huwekwa akiba. Kwa bei za mfano wetu, tofauti kati ya mbao kavu na mbichi kwa chumba kizima ni kama shilingi 4,200. Hiyo haifiki malipo ya fundi kuja mara ya pili kubandua, kupiga upya na kupaka rangi.

Tatizo ni uaminifu. Mnunuzi hatalipa 4,200 kwa neno "kavu" linalotamkwa na kila muuzaji. Ghala linaloandika kwa chaki tarehe ya kupangwa kwa kila rundo, na kukubali mteja apime kipande mbele yake, lina kitu cha kuuza ambacho jirani hana.

Ukuta nao uulizwe

Ubao mkavu ukipigwa kwenye ukuta wenye maji utayanywa maji hayo. Nyumba nyingi za tofali la kuchoma, na hasa zile za tofali mbichi zilizopigwa lipu baadaye, hazina karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, rangi inamomonyoka na ukuta unaliwa na chumvi. Wapo wanaopiga skatingi kwa lengo la kuficha sehemu hiyo. Hilo ni sawa na kufunika kidonda kwa gunia.

Bandika kipande cha nailoni chini ya ukuta, ukizibe pande zote kwa gundi ya karatasi, ukiache usiku na mchana mmoja au mbili. Matone yakionekana upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani, na skatingi isubiri. Mara nyingi dawa iko nje ya nyumba: udongo uliorundikana juu ya usawa wa sakafu, mfereji uliozibika, paa lisilo na gata. Lipu mpya nayo ipewe si chini ya wiki nne, na Rungwe au Mufindi wakati wa baridi na ukungu ipewe zaidi. Bafuni, chooni na jikoni kwenye maji mengi, mwenye nyumba aweke vipande vya marumaru tu; kulazimisha mbao huko ni kuitafutia jina baya.

Mbao zinapoletwa nyumbani zikae ndani ya chumba husika wiki moja au mbili, zikiwa zimepangwa kwa vijiti, kabla hazijakatwa. Kisha zipakwe rangi ya kwanza pande zote nne, pamoja na mgongo na makali ya chini. Mafundi wengi hupaka uso tu baada ya kupigilia, na ndiyo maana maji hupata mlango wa nyuma. Mafundo yapakwe vanishi ya shelaki kwanza ili kuzuia utomvu. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka kwenye kenchi kuzuia mchwa, isiletwe hapa: rangi haishiki juu yake na harufu yake haiishi ndani. Dawa zenye boroni hufaa zaidi kwa mbao za ndani, ilimradi zipakwe kabla ya rangi.

Tazama ncha ya ubao uone duara za mti zinavyoelekea. Ubao ukizidi kukauka, duara hizo hujaribu kunyooka. Kwa hiyo upande uliokuwa karibu na moyo wa mti utazame chumbani. Makali ya juu na chini yatabana ukuta badala ya kuachia. Ni jambo la sekunde mbili ambalo halina gharama yoyote.

Kuta zetu ni nadra kukutana kwa pembe mraba kamili. Kwenye kona za ndani, fundi mzuri hakati nyuzi 45 pande zote mbili. Husukuma ubao wa kwanza hadi ukutani ukiwa mraba, halafu ncha ya ubao wa pili huichonga ifuate umbo la uso wa ule wa kwanza na kuukumbatia. Kona ikiwa imepinda, au ubao ukisinyaa kidogo, kiungo hakifunguki. Kona za nje ndizo hukatwa nyuzi 45, zikitiwa gundi ya mbao. Ukuta mrefu kuliko futi 12 uunganishwe kwa mkato wa mshazari, si ncha kwa ncha, na kiungo kielekezwe nyuma ya kabati.

Msumari wa kawaida kwenye tofali la kuchoma hulegea au hupasua lipu. Afadhali kutoboa kwa drili, kutia plagi na kufunga kwa skrubu kila baada ya sentimita 60, vichwa vikazamishwa na kufunikwa kwa puti. Ubao uachwe milimita mbili tatu juu ya sakafu, na nafasi hiyo izibwe kwa silikoni.

Deki la kila asubuhi

Adui wa kudumu wa skatingi katika nyumba zetu ni ndoo ya kudekia. Tambara linalotiririka maji likisukumwa hadi ukutani kila asubuhi, makali ya chini hayakauki kamwe. Tambara likamuliwe, na kando ya ukuta pafutwe mwishoni. Palipochubuka paguswe rangi mapema kabla maji hayajaingia.

Ufa mdogo utakaotokea juu ya ubao kiangazi cha kwanza usizibwe haraka. Uachwe hadi mwisho wa Oktoba, ubao ukiwa umesinyaa kadiri utakavyosinyaa, ndipo uzibwe na kupakwa rangi. Wakati huohuo, kabla mvua hazijaanza, chumba chote kizungukwe kwa kugonga skatingi kwa kifundo cha kidole. Panapotoa sauti ya debe tupu, mchwa wamekula na kuacha rangi peke yake. Njia za udongo kwenye msingi kwa nje zitaonyesha wanapoingilia.

Palipooza au kuliwa si lazima ubao wote ung'olewe. Kata mstari wa rangi kwa kisu, ingiza patasi bapa huku kipande cha ubao kikiikinga lipu, na uvute taratibu. Misumari ing'olewe kwa koleo kutokea mgongoni ili uso usitatuke. Kwenye nyumba za zamani rangi isipigwe msasa ikiwa kavu, kwani huenda ina madini ya risasi. Iloweshwe kwanza na watoto wakae mbali. Kisha kata sehemu mbovu kwa mshazari na uweke kipande kutoka kwenye ile skatingi ya sita iliyobaki, ambayo kwa kukaa ndani ya nyumba muda wote huo imekwisha kusinyaa kama wenzake.